Wanaosoma Kimya Kundini Nao Wanajifunza

Sijawahi kufundisha wasimamizi wa makundi ya kitaaluma ya mtandaoni bila mmoja kuuliza: "Hawa wasioandika chochote, tuwaondoe lini?" Tumalizane na hilo kwanza.

Dhana: Asiyechangia hajifunzi.

Si kweli hata kidogo. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, alieleza mgawanyo ambao kila msimamizi ameshauona: takriban asilimia 90 ya wanakikundi husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiyo huandika sehemu kubwa. Ukiwafukuza wasomaji, wachangiaji wa kesho utawatoa wapi?

Mapema zaidi, mwaka 1991, Jean Lave na Etienne Wenger, watafiti wa namna watu wanavyojifunza, walionyesha jinsi mgeni anavyoingia katika ufundi akianzia pembeni. Walitaja mafundi cherehani wa Liberia. Mwanagenzi hakukabidhiwa mkasi alipofika. Alianza na nguo iliyokaribia kuisha: kushona vifungo, kukunja pindo. Kukata kitambaa kulikuja baadaye sana, maana mkasi ukikosea kitambaa kimepotea. Muda wote huo alikuwa akimtazama fundi. Muuguzi mpya anayefuatilia wenzake wakibishana kundini kuhusu kidonda kisichopona anafanya hivyohivyo. Anaona wazoefu huuliza nini kwanza, hutilia shaka nini, na hukosoana vipi bila kuvunjiana heshima. Hayo hutayapata kwenye kitini.

Kwa hiyo acheni kuhesabu nani kanyamaza. Angalieni kama swali limeletwa na maelezo ya kutosha, na kama aliyesaidiwa alirudi kueleza kilichomsaidia. Hili la pili nalisisitiza kila mahali. "Asante, imekubali" haimfai mtu. Andika ulichobadilisha na kilichotokea, kwa sababu kuna msomaji kimya atakayelitafuta jibu hilo miezi kadhaa baadaye, akiwa na tatizo lilelile.

Dhana: Mtandaoni ni porojo, elimu iko darasani.

Mwaka 2003 daktari Sanjeev Arora alianzisha Project ECHO huko New Mexico, Marekani. Wahudumu wa afya waliokuwa mbali na hospitali kubwa walijadili kwa video, pamoja na mabingwa, wagonjwa wao wa homa ya ini aina C. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kuwa wagonjwa hao walipona kwa kiwango kilichokaribiana sana na cha waliotibiwa katika kliniki ya chuo kikuu.

Dhana: Ukificha jina umemlinda mgonjwa.

Hapana! Umri, tarehe ya kulazwa, chale mwilini au ugonjwa adimu vinatosha kumtambulisha. Omba ridhaa yake, kisha ondoa kila ambacho swali lako halikihitaji.

Dhana: Jibu lililopendwa na wengi ndilo sahihi.

Mara nyingi linalopendwa ni lile lililowahi kufika na kuandikwa vizuri. Muulize aliyelitoa amelipata wapi, na kabla ya kulitumia kazini lilinganishe na mwongozo wa taaluma yako unaotumika sasa.