Aerosmith haikufufuliwa na wimbo mmoja

Tangu miaka ya 1980 watu husimulia hivi: Aerosmith, bendi ya roki ya Boston, ilikuwa imeshazikwa, ndipo vijana wa rap wa Run-DMC wakaifufua mwaka 1986 kwa kurudia wimbo wa bendi hiyo, "Walk This Way". Nusu yake ni kweli. Toleo hilo lilifika nafasi ya 4 kwenye chati ya Marekani, ilhali la awali liliishia ya 10. Lakini walioshiriki kulirekodi ni mwimbaji Steven Tyler na mpiga gitaa Joe Perry tu. Wenzao watatu hawakuwemo.

Bendi yenyewe ilikuwa imekwisha kuungana tena mwaka 1984, baada ya Perry na mpiga gitaa mwenzake Brad Whitford kurejea, na albamu yao ya 1985 haikuuza. Kilichoharibu kazi kwa miaka mingi kilikuwa dawa za kulevya, na hizo haziponywi na wimbo wa redioni. Wanamuziki walikwenda kutibiwa. Kisha wakameza kiburi, jambo gumu kwa waliozoea kujitungia nyimbo: wakakubali watunzi wa nje, akiwemo Desmond Child, na kurekodi Vancouver chini ya prodyuza Bruce Fairbairn. Albamu ya 1987, "Permanent Vacation", ndiyo iliyotoa wimbo "Angel", uliofika nafasi ya 3, juu kuliko lile toleo la rap.

Run-DMC waliwafungulia mlango wa MTV, kituo cha televisheni cha muziki, hilo hatuwanyimi. Ila wimbo wa kwanza wa Aerosmith kushika namba moja Marekani ulikuja 1998, nao ulitungwa na Diane Warren, mtunzi mwingine wa nje.