Je, wajua kwa nini droni ndogo huenda upesi kisha ikashindwa kurudi?

Juni na Julai, wakati wa kusi, ufukwe wa Nungwi kaskazini mwa Unguja huweza kumhadaa mrusha droni. Upepo unatoka nchi kavu, miti na majengo yanaukinga, maji ya ukingoni yametulia. Droni inateleza kuelekea baharini bila taabu. Kazi huanza pale inapogeuzwa.

Droni husafiri ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Chukua droni inayokata hewa kwa mita 12 kwa sekunde. Ikikutana na upepo wa mbisho, yaani unaovuma kutoka mbele, wa mita 8 kwa sekunde, hubakiwa na mita 4 tu. Kilomita 1 ambayo siku shwari ingeimaliza kwa chini ya dakika moja na nusu, sasa inataka zaidi ya dakika nne. Tena dakika hizo hula betri vibaya: ili isonge mbele, droni huinama, na mapangaboi yaleyale yaliyokuwa yanaibeba tu sasa yanaibeba na kuisukuma. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake juu ya droni huongezeka mara nne.

Droni ya DJI Mini 3, isiyofika gramu 250, imetajwa na watengenezaji kuwa huhimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, kama kilomita 38 kwa saa. Kuhimili huko si ahadi ya kufika nyumbani.

Kinachowaponza wengi, kwa maoni yangu, ni kitufe cha kurudi nyumbani. Droni hupanda kwanza hadi kimo kilichopangwa, na huko juu upepo huwa mkali zaidi kwa kuwa hakuna cha kuupunguza kasi. Kipimaupepo cha mkononi hakikuonyeshi hilo.

Ukitaka picha za bahari msimu wa kusi, afadhali uende Paje, pwani ya mashariki, ambako upepo huo hutoka upande wa baharini. Hapo droni hutangulia kupambana betri ikiwa imejaa, na kurudi husaidiwa.

Ikikwama angani, futa amri ya kurudi, ishushe chini bila kugusa mawimbi wala milingoti, kisha weka hali ya Sport, yaani ya mwendo wa kasi zaidi. Kuwa macho, maana kwenye droni nyingi vihisi vya vikwazo huzimika katika hali hiyo. Betri ikionekana haitoshi, usilazimishe ifike ulipo; itue penye nchi kavu ya karibu pasipo watu.