Bastola yenye kiwambo cha sauti si bubu
Wengi tumeamini kwamba bastola ikifungwa kiwambo cha sauti hutoa "pyu" tu, hata aliye chumba cha pili asisikie. Si ajabu, filamu ndivyo zinavyotuonyesha, na mlio ule huongezwa studio. Bastola hulia kwa takriban desibeli 160 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Kiwambo hutuliza gesi ya moto inayofumka mdomoni mwa mtutu, kikapunguza desibeli 20 hadi 35 hivi. Kinachobaki bado ni kelele. Tena risasi ikiipita kasi ya sauti, karibu mita 340 kwa sekunde, hupasua hewa kwa kishindo ambacho kiwambo hakikigusi. Ukitaka kuhakiki, usitegemee video ya simu, maana maikrofoni yake huzidiwa. Tafuta vipimo vya desibeli, ukikumbuka kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti huzidi mara kumi.