Elimu kwa umma: Dawa za maumivu na uvimbe kwa punda, matumizi salama na taratibu zake

Msimu huu wa korosho malalamiko ya punda yanayofika kwetu ofisi ya mifugo yanafanana mno. Punda alikuwa anachechemea, akachomwa sindano ya maumivu, kesho yake akafungwa tena kwenye mkokoteni. Baada ya siku chache akaacha kula, akafa. Mwenye punda anataka ofisi imwambie kama dawa ilikuwa feki. Inawezekana ikawa feki, na kwa hilo upo utaratibu nitakaoueleza huko chini. Ila mara nyingi dawa huwa nzima na imesajiliwa. Kilichokosewa ni kipimo, au mahali sindano ilipochomwa, au kazi aliyopewa mnyama baada ya hapo.

Punda si mnyama wa asili ya pwani hii ya kusini. Kwa miaka mingi mbung'o walizuia ufugaji mkubwa, na wengi wa punda tulionao leo walifika na wafugaji waliohamia Kilwa, Liwale, Nachingwea na Lindi wakiwa na ng'ombe wao. Sasa wanabeba madumu ya maji, kuni, magunia ya ufuta na ya korosho. Uzoefu wa kuwatibu haujafuata kwa kasi hiyo hiyo. Muuza dawa anamjua ng'ombe. Karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa, ikiwa imetaja jamii ya punda kabisa, imeandika farasi. Matokeo yake punda anapigiwa hesabu ya mnyama mwingine.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua flunikisini, dawa inayopatikana kwa wingi, chupa yenye miligramu 50 katika kila mililita. Kipimo cha farasi kilichozoeleka ni miligramu 1.1 kwa kila kilo ya uzito, na cha ng'ombe ni 2.2. Ng'ombe wa kilo 250 atapata mililita 11. Punda wa kilo 130, kwa kipimo cha farasi, anahitaji mililita tatu tu, tena pungufu kidogo. Mtu aliyezoea kuvuta bomba la mililita 10 kwa ng'ombe akavuta hilo hilo kwa punda, amempa zaidi ya mara tatu ya kipimo. Akirudia kesho na keshokutwa "ili dawa ikamate", hapo hatuzungumzii tena tiba.

Punda wetu wengi hawafiki kilo 160. Kumkadiria kwa macho hakutoshi, na mizani ya punda mnadani haipo. Zungusha utepe wa fundi cherehani kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, andika sentimita, kisha pima na urefu wake kutoka chini hadi begani. Vipimo hivyo viwili ukimpelekea mtaalamu, anavibadilisha kuwa kilo kwa dakika moja.

Kuna wanaosema, na hili nimelisikia hata kwa watu wenye elimu, kwamba punda "hasikii dawa" kwa hiyo lazima aongezewe. Kauli hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana inapotosha. Ni kweli mwili wa punda huondoa baadhi ya dawa hizi haraka kuliko mwili wa farasi. Fenilibutazoni hutoka upesi, flunikisini nayo, na meloksikamu hutoka kwa kasi kiasi kwamba dozi moja kwa siku haimfai. Kaprofeni ni kinyume chake, hukaa ndani ya punda muda mrefu zaidi. Anayejua haya ataamua dawa ipi itolewe kila baada ya saa ngapi. Hatamwambia mtu amimine dozi mbili kwa mkupuo. Dawa kutoka haraka si kinga ya kutoumizwa nayo.

Madhara yenyewe yanatokana na jinsi dawa inavyofanya kazi. Mwili ukiumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huleta maumivu, joto na uvimbe. Dawa hizi huzuia kemikali hizo zisitengenezwe. Tatizo ni kwamba kemikali za aina hiyo hiyo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na utumbo, na ndizo zinazosaidia damu ifike kwenye figo mnyama anapokuwa na kiu. Ukizizuia kupita kiasi unapata vidonda vya tumbo, utumbo mpana kuchubuka na kuharisha, na figo kufa sehemu. Punda aliyetembea tangu alfajiri juani bila maji, kisha akachomwa sindano kabla hajanywa, yuko kwenye hatari kubwa kuliko punda yule yule aliyenyweshwa na kupumzishwa kivulini. Hili halihitaji daktari. Linahitaji ndoo ya maji.

Sindano ichomwe wapi? Fenilibutazoni ya sindano ni ya mshipani peke yake. Ikiingia kwenye msuli au ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, ngozi ikavimba na kuoza. Flunikisini ikichomwa kwenye msuli wa shingo inaweza kuamsha vijidudu vya jamii ya klostridia, shingo ikajaa hewa na usaha, na mnyama akafa haraka hata kama kilichomleta ni kwato tu. Lakini na mshipa nao si wa kuchezea. Shingo ya punda ina msuli chini ya ngozi uliofunika mshipa, mnene kuliko wa farasi, kwa hiyo mshipa hauonekani vizuri, na jirani yake upo mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Sindano ikiingia huko, punda huanguka na kutapatapa hapo hapo. Watu husema dawa ilikuwa kali. Dawa haikuwa kali, iliingia pasipo pake. Kama hakuna mtu aliyefunzwa kuchoma mshipani, dawa ya kunywesha au ya kuchanganya na pumba, iliyopimwa na mtaalamu, ni salama zaidi. Imani kwamba kisichochomwa hakitibu tuiache.

Kuchanganya ndiko kunakotusumbua kuliko yote. Asubuhi flunikisini dukani, jioni jirani ana diklofenaki ya binadamu, kesho yake mwingine anashauri "deksa". Dawa mbili za kundi hili hazipewi pamoja, wala moja haiongezwi juu ya nyingine kabla ya kwanza haijatoka mwilini. Deksamethasoni ni kundi jingine, lakini ikikutana nazo huharakisha vidonda vya tumbo, na kwa jamii ya farasi na punda inaweza kuleta maumivu makali ya kwato yanayolemaza. Oksi, yaani oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria ambayo hapa kwetu imegeuzwa dawa ya kila kitu, nayo huielemea figo ya mnyama aliyekaukiwa maji. Mtaalamu akifika, mwambie kila kilichoingia mwilini mwa punda, hata kama kimetoka kwa mtu asiyeruhusiwa kukitoa. Daktari anayefichwa hujikuta akiongeza ya nne juu ya tatu.

Kuna jambo ambalo chupa haiwezi kuliandika. Maumivu yanakueleza kitu. Punda ni mvumilivu kwa maumbile, hapigi kelele wala hajibamizi kama farasi mwenye msokoto wa tumbo. Akisimama kimya, masikio yamelegea, hajali wenzake, tayari anaumwa sana. Ukizima maumivu hayo bila kutafuta chanzo, punda ataukanyaga mguu mbovu kama mzima, na jipu la kwato litapanda juu hadi kwenye mfupa. Inua kwato kwanza. Chokonoa tope na mawe, tafuta msumari, mwiba, sehemu yenye joto. Jipu la kwato linatibiwa kwa kufunguliwa litoe usaha, na ukiishia kwenye sindano utakuwa umelificha tu. Vivyo hivyo homa. Huku mbung'o bado wapo, na punda mwenye ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, huchoka, hukonda, hupata homa inayokuja na kuondoka. Dawa ya maumivu huishusha homa ile kwa siku moja au mbili, mwenye punda akaridhika, na damu ikaendelea kwisha.

Na tukague vifaa. Punda wengi wenye vidonda begani na shingoni tunaowaona wamefungwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe anasukuma nira kwa nundu na shingo. Punda hana nundu, anavuta kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana wa kifua, uliotandikwa kitambaa au ngozi laini, uliokaa chini ya koo ili asikabwe, na tandiko mgongoni linaloacha uti wa mgongo bila kuguswa. Waya, kamba ya nailoni na kipande cha tairi kisichotandikwa kitu havifai. Ukimchoma punda wa namna hii sindano ya maumivu kila wiki, unalipia dawa ili kidonda kiendelee. Hapa naomba niseme wazi, ingawa si kila mwenzangu ofisini angependa niseme hivyo: nusu ya sindano hizi zisingehitajika kama fundi seremala na mshona ngozi wa kijiji wangeitwa mapema.

Punda aliyeacha kula ni dharura. Mafuta ya akiba humiminika kwenye damu, ini likalemewa, hasa kwa wanene, wenye mimba na wanaonyonyesha. Usingoje siku ya tatu. Dawa ya maumivu iliyosababisha vidonda vya tumbo inaweza ndiyo kuwa mwanzo wa kukataa chakula, kwa hiyo kumwongezea nyingine ili "apate hamu" ni kumzidishia.

Diklofenaki ya hospitali isitumike kwa mnyama yeyote anayeweza kuliwa mzoga wake na ndege. India, Pakistani na Nepali zilipoteza tumbusi wao karibu wote kuanzia miaka ya 1990, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha sababu ni mizoga ya mifugo iliyotibiwa kwa diklofenaki. Figo za ndege hao zilikufa. India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Sisi tunapakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na mzoga unaotupwa porini Liwale hauishii Liwale. Flunikisini na kaprofeni nazo zimeua tumbusi. Meloksikamu imethibitika kuwa salama kwao. Mzoga wa mnyama aliyetibiwa uzikwe.

Kuhusu nyama, fenilibutazoni haitolewi kamwe kwa mnyama wa kuliwa, hata akibaki mwezi mzima kabla ya kuchinjwa, kwa sababu kwa binadamu inaweza kuua uboho unaotengeneza damu. Ndiyo hofu iliyozuka Ulaya mwaka 2013 nyama ya farasi ilipokutwa imeuzwa kama ya ng'ombe. Kwa hiyo chupa ya fenilibutazoni uliyoachiwa kwa ajili ya punda usiipeleke kwa ng'ombe wala mbuzi. Dawa nyingine zina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo, wa nyama na wa maziwa, kila kimoja na wake.

Sasa taratibu. Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, huduma ya tiba ya mifugo hutolewa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, au mtaalamu msaidizi aliyeandikishwa, kila mmoja kwa kiwango alichoruhusiwa. Una haki ya kuomba kuona cheti chake, na asikasirike. Duka linatakiwa kuwa na kibali, kibandikwe mahali panapoonekana. Dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), lebo isomeke, tarehe ya kuisha iwepo, chupa isiwe imehamishiwa dawa kutoka chupa nyingine. Kuuza dawa zilizopimwa kwenye bomba la sindano na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni, kama inavyofanyika kwenye baadhi ya minada, ni kosa. Anayekutwa hunyang'anywa dawa, duka linaweza kufungwa, na akifikishwa mahakamani adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Mwenye punda naye hayuko nje ya sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtumikisha mnyama asiyefaa kwa kazi, na kumchoma dawa ili aonekane anafaa hakumfanyi afae.

Ukishuku dawa ni feki au imemdhuru mnyama wako, anza na afisa mifugo wa kata. Andika jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, mahali uliponunua, kiasi ulichotoa, saa na siku. Tunza risiti. Kama hukupewa, rudi uidai, kwa sababu bila risiti ni neno lako dhidi ya la muuzaji. Chupa, hata ikiwa tupu, ifungwe kwenye mfuko safi isioshwe. Afisa atajaza fomu ya taarifa ya madhara na kuipeleka kwa daktari wa mifugo wa wilaya, naye ataiwasilisha TMDA. Punda akifa, toa taarifa saa hiyo hiyo, usisubiri kupambazuke. Kwa joto la huku figo na ini huharibika ndani ya saa chache, na kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari kilichopo Mtwara hakiwezi kusoma kitu kwenye nyama iliyooza. Usimpasue mwenyewe. Funika mzoga kwa matawi kivulini, zuia mbwa, subiri mtaalamu achukue sampuli, ndipo uchimbe shimo la kina kisichofukuliwa na fisi.