Chakula cha maikrowevu hakibaki na mionzi

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu: eti chakula kilichopashwa kwenye maikrowevu hubaki na mionzi, na lazima usubiri "itoke" kabla ya kula. Si kweli.

Mawimbi ya maikrowevu, yenye urefu wa sentimita 12 hivi, hutikisa molekuli za maji zilizomo ndani ya chakula, nazo zikapata joto. Hayana nguvu ya kugusa kiini cha atomu, kwa hiyo hayawezi kukifanya chakula kitoe mionzi. Ukizima mashine, yamekwisha, kama mwanga wa taa.

Jaribu mwenyewe: ingiza glasi mbili, moja ya maji, nyingine tupu na kavu, kwa dakika moja. Maji yatapata moto. Ile kavu itabaki karibu baridi, maana kioo huyapitisha mawimbi. Chuma huyarudisha, ndiyo sababu mlangoni kuna wavu wa matundu madogo.

Hofu yenyewe inaeleweka, kwa kuwa mawimbi haya hutiwa kapu moja na eksirei na mabomu ya nyuklia. Kusubiri kidogo nako kuna faida, ila ni ili joto lisambae: wali unaweza kuunguza pembeni na kuwa baridi katikati. Mlango uliopinda ndio wa kuogopa, maana unaweza kuvujisha mawimbi. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.