Mtoto Mmoja Mgongoni, Watu Wanne Chini

Nimefanya kazi ya tiba ya viungo mjini Nakuru kwa miaka 14, na kwa miaka 6 ya mwisho nimekuwa nikiamkia upande wa Njoro kila Jumamosi, kwenye shamba ambalo mwenyewe ametuachia uwanja na mabanda ya farasi wanne bila kututoza kodi. Wanaonitembelea huko huuliza habari za farasi na kupiga picha za farasi, nami siwalaumu, maana hata mimi siku ya kwanza nilimwona farasi peke yake. Leo ningependa kuwashukuru watu, lakini shukrani yangu haitaeleweka nisipoeleza kwanza jinsi tunavyowatibu watoto kwa mwendo wa farasi.

Farasi anapotembea polepole, nyonga yake husogea mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, yote kwa wakati mmoja, na mwendo huo unafanana sana na wa nyonga ya binadamu anayetembea. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hajawahi kupiga hatua, akikalishwa mgongoni mwa farasi, kiwiliwili chake hupata mtikisiko ambao miguu yake haijawahi kukipa, na kila hatua humlazimu ajiweke sawa asije akaanguka. Kwa nusu saa hufanya hivyo mara mamia, jambo ambalo siwezi kumfanyisha juu ya mkeka hata nikiwa na subira ya Ayubu. Mapaja yaliyokakamaa hutanuka taratibu kwa sababu ya upana wa mgongo, na joto la mwili wa farasi, ambalo ni takriban nyuzi 38, husaidia misuli kulegea. Nimewahi kuona ngumi ambayo mama yake mtoto hushindwa kuifungua anapomwosha, ikifunguka kidole kimoja baada ya kingine ndani ya singa za farasi. Tiba hii haiponyi ubongo uliojeruhiwa, na mzazi yeyote anayeahidiwa hivyo anadanganywa. Tunachotafuta ni shingo inayosimama na kiuno kinachoweza kukaa bila kushikiliwa, ili mtoto apate kushika kijiko chake mwenyewe.

Wanaoandika historia ya tiba hii hupenda kumtaja Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza kwa polio mwaka 1944, kisha akashinda medali ya fedha ya mashindano ya farasi katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Hakuweza kupanda wala kushuka bila msaada. Mimi kila nikiisoma habari hiyo huwaza juu ya wale waliokuwa wakimpandisha.

Kwetu, kila mtoto mmoja aliye juu ana watu wanne chini: saisi anayeshika hatamu, wasaidizi wawili wanaotembea ubavuni, na mimi. Saisi wetu ni mzee aliyeishi na farasi tangu ujana wake, na ingawa ananiita daktari, cheo nisichokuwa nacho, yeye ndiye anayeishika tiba mkononi. Nikitaka mtoto aliyelegea aamke, yeye humharakisha farasi. Nikitaka mtoto aliyekakamaa atulie, humrudisha kwenye hatua ndefu zisizobadilika. Kusimama ghafla, kupiga mduara, kushuka kimteremko, kila kimoja ni dawa yenye kipimo chake, na anayepima ni yeye.

Mwaka wangu wa pili nilimbishia. Msichana mmoja alikuwa akifanya vizuri sana nami nikaomba mzunguko mmoja zaidi. Mzee akasema, “Daktari, huyu amechoka. Tazama masikio.” Masikio ya farasi yalikuwa yamelegea pembeni, lakini mimi nilikuwa nikitazama mgongo wa mtoto. Nikasisitiza. Katikati ya mzunguko farasi alijikwaa mguu wa mbele, mtoto akainama upande wa kulia, na kama si wale wasaidizi wawili angefika chini. Katika daftari la siku hiyo niliandika kwamba kosa ni langu. Mzee hakulitaja tena.

Wasaidizi hao ni wanafunzi wa chuo, hawalipwi hata nauli, na kazi yao ni ngumu kuliko inavyoonekana. Kila mmoja huweka mkono juu ya paja la mtoto kwa nusu saa nzima, bila kumbana wala kumwachia, akitembea hatua sawa na farasi katika baridi ya Njoro ya mwezi wa Julai.

Wapo pia wasioonekana uwanjani. Fundi wa kwato huja kila baada ya wiki sita hadi nane, kwa kuwa kwato zisizo sawa humpa mtoto mwendo uliopinda. Daktari wa mifugo huwachanja farasi dhidi ya maradhi yanayoenezwa na usubi, nao hurudishwa bandani kabla ya magharibi, saa usubi wanapoanza kuuma. Jirani anayelima nyasi za Boma Rhodes hutuwekea marobota kabla ya kuwauzia wafugaji wa ng’ombe, hata kiangazi bei inapopanda.

Kina mama nao sijui niwashukuruje. Yuko anayetoka Subukia na mwana wa miaka minane mgongoni, amemfunga kwa leso, akibadilisha matatu mara mbili, na kuna makondakta waliowahi kumtoza kiti cha pili kwa sababu ya kiti cha magurudumu. Akifika hunisalimu mimi, kisha huenda kwa Mzee na kumwamkia kwa mikono miwili.

Mzee anastaafu Desemba. Tangu Aprili amekuwa akimfundisha kijana mmoja, na Jumamosi iliyopita alimkabidhi hatamu kwa mara ya kwanza tukiwa na mtoto juu. Yeye alitembea nyuma yetu, mikono mgongoni, kimya, mpaka mzunguko wa tatu alipotamka neno moja tu: “Masikio.” Kijana alikuwa amekwisha kumsimamisha farasi.