Hakuna mbegu ya bonsai

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alinijia kitaluni na pakiti ndogo mkononi. Juu yake palikuwa na picha ya mti wa majani ya buluu, na ndani mbegu kumi. "Mama, nimezisia mara mbili na hazioti. Nakosea wapi?" Nilizimwaga kiganjani. Zilikuwa nyepesi kama makapi, zimenyauka. Na hata zingekuwa hai, mti wenye majani ya buluu namna ile haupo popote. Kijana hakukosea kitu, aliuziwa picha.

Inaniuma, kwa sababu wengi huachia hapo na kudhani mkono wao hauna baraka. Basi nianze na hili: hakuna mbegu ya bonsai. Neno lenyewe ni la Kijapani, maana yake mmea uliopandwa katika chombo cha kina kifupi, na Wajapani nao waliipokea sanaa hii kutoka China. Udogo wa mti hauko kwenye mbegu. Unatokana na mizizi inayopunguzwa, matawi yanayopogolewa na chombo chenyewe. Mbegu ya mgunga ukiipanda kando ya mto itakupa mti wa mita 15 na zaidi. Mbegu ya ganda lilelile ukiilea kwenye chombo, utaibeba kwa mikono miwili.

Swali linalobaki ni uanze na mti gani. Wengi hutaka mepo ya Kijapani (maple), mti wa nchi za baridi. Mbegu zake huhitaji baridi ya miezi kadhaa ndipo ziamke, na kwa hilo friji inatosha. Shida huja baadaye: mti mzima nao hutaka kupumzika kwenye baridi kali kila mwaka. Julai ya Nairobi hututoa masweta kabatini, lakini mepo haioni kwamba hayo ni majira ya baridi. Hudhoofika polepole mpaka ufe, nawe umeshaupenda.

Mimi humpa anayeanza mgunga, ule wa Naivasha wenye gome la kijani-manjano. Hapa ndipo kwao. Vijani vyake ni vidogo mno, na hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mti mfupi wenye majani makubwa hauwezi kudanganya jicho. Jakaranda huota haraka, lakini jani lake zima ni refu kama mkono wa mtoto, kwa hiyo humpa mtu tabu isiyo na malipo. Mugumo, mtini wetu wa kienyeji, unafaa sana, ila mbegu zake ni kama vumbi. Afadhali uuanzishe kwa kipande cha tawi. Waridi la jangwani pia huota vizuri mbegu zikiwa mbichi, lakini huoza upesi likimwagiwa maji Juni na Julai, na utomvu wake ni sumu iliyokuwa ikipakwa kwenye mishale. Kama una watoto nyumbani, ngoja kwanza.

Mbegu za mgunga waweza kuzipata kwenye kituo cha mbegu cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, kule Muguga, au uokote maganda yaliyokauka chini ya mti. Zikague moja moja. Yenye kitundu kidogo cha mviringo imeshaliwa na mdudu, itupe.

Ngozi ya nje ya mbegu hii ni ngumu na haipitishi maji. Watu wengine huimwagia maji yaliyochemka na kuyaacha yapoe usiku kucha. Mimi napenda kikata kucha. Ishike mbegu kati ya vidole, tafuta upande usio na kovu pale ilipokuwa imeshikana na ganda, kisha ng'ata nacho kipande kidogo tu, mpaka uone weupe kwa ndani. Ukizidisha umeumiza kiini. Zitie kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu jioni. Asubuhi zilizokubali zitakuwa zimefura karibu mara mbili, laini, zinateleza. Iliyobaki ndogo na ngumu irudishe kwenye kikata kucha.

Msimu ninaoupendelea ni Septemba, jua linaporudi. Miche hupata miezi minane au tisa ya kukomaa kabla ya mawingu ya Juni. Usitumie udongo mwekundu mtupu wa shambani, sembuse ule mweusi wa mfinyanzi wa Embakasi, Nairobi; kwenye chombo hushikana kama tofali na mizizi hukosa hewa. Chekecha pumisi, yale mawe mepesi ya volkeno, au mchanga wa mto ulio mnene, utoe vumbi lote, uchanganye na mboji kidogo. Fukia mbegu kwa kina cha unene wake mara mbili. Baada ya wiki moja au mbili utaona shingo zikijikunja kutoka chini.

Hapo ndipo kinyausi hupiga. Jioni mche umesimama, asubuhi umelala, shina limekonda usawa wa udongo kana kwamba limefungwa uzi. Ni kuvu, nao hupenda unyevu usiokauka na hewa iliyotuama. Mwagilia asubuhi, si jioni, na usiwafunike miche kwa nailoni ukawasahau. Mwaka mmoja nilipoteza trei nzima kwa siku tatu kwa sababu ya kumwagilia usiku nikitoka kazini.

Mche ukifika wiki nane hivi, ung'oe taratibu. Utashangaa. Juu una urefu wa kidole, chini mzizi mkuu umeshagonga kitako cha chombo na kujizungusha kama kamba. Mgunga umeumbwa kutafuta maji mbali. Chukua wembe safi, kata theluthi ya chini, halafu vitandaze vile vizizi vya pembeni kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Watu huogopa mno hatua hii, wakaiacha, na miaka mitano baadaye wana mti mzuri juu ya mzizi usiotosha chungu chochote. Weka kivulini siku kumi.

Kisha, tafadhali, usikimbilie chungu kizuri. Chombo kifupi hupunguza ukuaji, na shina lililoingia humo likiwa jembamba kama penseli litabaki hivyo miaka mingi. Utie kwenye karai lililotobolewa au ndoo pana, uuache unenepe miaka mitatu, minne, hata zaidi. Acha tawi moja la chini likue litakavyo, maana ndilo linalolisha shina. Utalikata likishamaliza kazi. Ukifunga waya kupinda shina, ukague kila wiki mbili. Vitabu vya nchi za baridi husema miezi, lakini hapa miti haipumziki sana na waya huzama kwenye gome kabla hujajua.

Yule kijana alirudi na maganda matatu aliyookota mwenyewe. Tumepata mbegu kumi na moja zisizo na kitundu. Jana jioni tulizikata, leo tisa zimefura.